Mlio wa Kuuliza

Delphia Sizemore aliingia dukani kwa Burl Napier Jumamosi asubuhi akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, na Burl, ambaye uso wake haujawahi kuficha kitu, alishtuka mpaka kahawa ikammwagikia ndevuni. Si kosa lake. Koti lile la turubai, lenye kola iliyopauka, lilikuwa likiingia kwa mlango ule miaka nenda rudi likiwa na Estill ndani yake, na Estill alikuwa binamu wa Burl. Burl mwenyewe alishika pembe moja ya jeneza mwezi wa kumi, wakalipandisha mpaka makaburi ya ukoo juu ya kilima, na mgongo wake haujapata nafuu tangu siku hiyo.

"Shemeji, utaniua kwa presha," akasema, akijipangusa kwa mkono wa shati. "Koti lako liko wapi?"

"Lipo. Hili lina mifuko."

"Mifuko ya nini?"

"Nataka bastola ya kukaa mfukoni. Ndogo. Mtu asimame mbele yangu, anisalimie, aondoke, asijue kama ninayo."

Kwingine labda mjane akisema maneno kama hayo watu wangevutana pembeni. Bonde la Tansy, huko milimani Kentucky, si kwingine. Huko bibi wa kanisani anabeba yake kwenye mkoba mmoja na peremende za wajukuu, na ukimwomba atakuonyesha vyote viwili. Kwa hiyo Burl hakuuliza sababu. Aliona anaijua.

"Ni hawa wezi wa vidonge," akasema, akishuka polepole kutoka kwenye stuli yake. "Nimesikia ya bibi Icy Turner. Wamemvunjia mlango, wamechukua dawa zake za maumivu, wakamwachia maumivu yenyewe. Nyonga imevunjika vipande. Washenzi wale."

"Ndio hao hao," Delphia akasema.

Ilikuwa nusu ya ukweli. Wezi walikuwapo, na nyumba ya Delphia ilikuwa ya mwisho kabisa bondeni, mahali ambapo ukipiga kelele anayesikia ni kulungu. Nusu ya pili hakuwa tayari kuitoa mbele ya mtu mwenye mdomo kama wa Burl. Tayari watu walikuwa wanamtazama kwa ile huruma ya kuinamisha kichwa pembeni.

Nusu ya pili ilikuwa hii: tangu wiki ile ya mazishi, karibu kila alfajiri, kulikuwa na mtu anayepanda ngazi za baraza yake.

Estill alichimba makaa zamu ya usiku. Alikuwa akifika nyumbani kunapopambazuka, Delphia akiwa jikoni ameshatia vimkate kwenye oveni, mchuzi mweupe ukichemka pembeni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito tangu ujana, jiwe lilipouangukia huko chini, hivyo hatua zake zilikuwa moja kamili na moja ya kuburuta. Sasa paa la mgodi limemlalia, amefukuliwa, ameoshwa, amezikwa kwa heshima zote, na hatua bado zinakuja. Moja kamili, moja ya kuburuta. Zinafika mlangoni na kusimama. Kisha husikika kitu kizito kikituliwa juu ya mbao za baraza, kikikaa kidogo, halafu kikiokotwa tena. Delphia akigusa komeo, kimya. Akifungua, hakuna mtu, ila baridi na ukungu unaopanda kutoka kijitoni.

Mwanzoni aliogopa mpaka meno yakagongana. Baadaye alianza kuzingoja zile hatua, na huko kuzingoja kulimtisha zaidi. Halafu zikaanza kutoka nyumbani. Alizisikia mjini, kwenye nyumba ya mashine za kufulia aliyokuwa akiiangalia, zikipita taratibu kati ya mashine kabla mteja wa kwanza hajaingia. Alizisikia nyuma ya kanisa wakati wa wimbo wa mwisho. Alitaka jambo moja tu maishani, nalo ni kujua: je, ni yeye?

Mtu wa mbali atasema, si amwite tu? Huyo hajalelewa Tansy. Huko marehemu haitwi kwa jina. Ukimwita atalazimika kuja, na akishakuja hawezi kurudi peke yake. Delphia alilijua hilo tangu akiwa mtoto wa kufungwa viatu. Kwa hiyo hakuweza kumuuliza kwa mdomo, na kitu alichokuwa akimuulizia siku zote hakuwa nacho tena.

Kitu hicho kilitoka kwa baba yake, mzee Hobart. Bonde lile hodi hupigwa langoni, kwa sauti ya juu, kabla mguu haujagusa ngazi. Anayefika mlangoni kimya ni wa nyumbani au ni adui, na mzee Hobart alikuwa na njia yake ya kuwatenganisha. Rivolva yake kubwa ilikuwa na matundu sita, naye alitia risasi tano. Tundu la sita aliliacha tupu makusudi na kulikalisha kushoto kwa nyundo inayogonga risasi, pale ambapo kifyatulio kikivutwa na matundu kuzunguka, ndilo linalokuja mbele kwanza. Akisikia hatua, anaelekeza mlangoni, anavuta mara moja. Tak. Mlio huo ulikuwa swali. Jamaa wote waliujua na walijibu upesi, wengine kabla hata hajavuta. Asiyejibu alipaswa kuelewa kwamba mvuto wa pili hauulizi.

Ni ukorofi, sikatai. Lakini mzee Hobart alikufa kitandani mwake na hakuwahi kumjeruhi mtu, na jioni ile Estill alipokuja mara ya kwanza kumposa Delphia, akapanda ngazi bila hodi kwa sababu ya woga, tak ile ilimfanya apige ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya kijito: "Ni mimi, mzee! Estill! Nimekuja kuomba binti, si kuiba kuku!" Delphia alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alipofariki, rivolva ikawa ya Delphia, na mlio ukawa wao wawili. Kila alfajiri ya ndoa yao: hatua moja kamili, moja ya kuburuta, tak, na sauti nyuma ya mlango, imechoka, imejaa vumbi la makaa.

"Ni mimi, Delphia. Weka chuma chini, nina njaa."

Wengine huitana mpenzi. Hao walikuwa na hilo, na liliwatosha.

Na rivolva ile Delphia aliizika. Usiku wa kuamkia mazishi, watu walipokuwa jikoni na vyakula vyao vya kufariji, aliichukua ilivyo, na risasi zake tano na tundu lake tupu, akaitia ndani ya koti la suti la Estill kabla jeneza halijafungwa. Hakutaka aende gizani mikono mitupu. Huzuni haina akili nyingi. Alipoamka siku ya kwanza baada ya kuzika na kusikia hatua barazani, mkono wake ulikwenda wenyewe juu ya friji, mahali pa rivolva, ukagusa vumbi.

Burl alitandika kitambaa cha kijani kwenye kaunta ya kioo. Alitoa ya kwanza, akafungua silinda, lile gurudumu la kutilia risasi, akamwonyesha matundu yote kuwa ni matupu, ndipo akampa, mpini ukimwelekea. Hakuna mtu wa bonde lile anayekabidhi bastola namna nyingine.

"Hii nyepesi," akasema. "Ukiitia mfukoni utasahau unayo. Ukiipiga, ndipo itakapokukumbusha. Nyepesi zote ndivyo zilivyo, raha kubeba, karaha kupiga."

"Naweza kuivuta?"

"Vuta. Elekeza kwa yule kulungu ukutani. Ameshakufa, hatalalamika."

Delphia alielekeza kwenye kichwa cha kulungu, akafumba macho, akavuta. Ilitoa mlio mkavu wa kukohoa. Aliirudisha.

"Hapana."

"Hapana nini? Hata hujaishika sawasawa!"

"Ingine, Burl."

Burl alitoa ya pili kwa madaha, kama anayetoa binti kwa wakwe. "Haya. Hii ndiyo ya mfukoni hasa. Nyundo imefichwa ndani, hainasi kwenye nguo. Yenye nyundo nje, unaivuta kwa haraka, inatoka na bitana la koti, mwizi anacheka mpaka anakuonea huruma. Hii niliwauzia wauguzi wawili, na mke wa mchungaji, lakini hilo hujalisikia kwangu."

Alifumba macho, akavuta. Mlio ulizama ndani, ukafia humo. "Hapana."

Akavuta ya tatu, kifyatulio kikawa kizito mpaka kidole kikatetemeka, na mlio wake ulikuwa wa bati. Akavuta ya nne. Burl aliacha kusifia. Aliegemea kaunta kwa viwiko, akamtazama shemeji yake kwa makini.

"Nikwambie kitu," akasema. "Watu huchagua kwa uzito. Wengine huchagua kwa mpini, wanaangalia kidole cha mwisho kinakaa wapi. Nimewahi kumuuzia mama mmoja aliyechagua kwa rangi ya mkoba wake, na Mungu ni shahidi, hakukosea. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuchagua kwa sikio. Unanunua bastola au unanunua piano?"

"Niache, Burl."

"Nimekuacha. Nauliza tu."

"Zimeisha?"

Burl alisita. Akainama, akavuta droo ya chini na kutoa moja iliyofungwa kwenye soksi. Ilikuwa ndogo, nyeusi, rangi imelika pembeni kwa kukaa mfukoni miaka mingi. Ncha ya nyundo ilikuwa imekatwa na kusuguliwa isinase. "Iliachwa na mzee mmoja aliyehamia kwa mwanawe Ohio," akasema. "Matundu matano. Haina sura, lakini ya ndani ni chuma cha kuaminika. Sikutaka hata kukuonyesha."

Delphia aliipokea. Ilikuwa na uzito wa kiasi, si wa kumwangusha mtu koti. Alifumba macho, akavuta.

Tak.

Ulikuwa ndio wenyewe. Ule ule, wa chini kidogo, mkavu, wenye mkia mfupi. Na kabla hajafumbua macho, nyuma yake, kule kwenye rafu za viatu vya kuwindia, ubao wa sakafu ulilia. Hatua moja kamili. Moja ya kuburuta. Kisha kimya cha mtu anayesikiliza.

Burl alikuwa anaongea. Alikuwa ameinua kidole, anakizungusha hewani, anaeleza jambo fulani kuhusu silinda, upande wa huku na upande wa kule, na mzee Hobart alitajwa humo. Midomo yake ilikuwa inakwenda na Delphia hakupata hata neno. Mwili wake wote ulikuwa umegeuka sikio, na sikio lenyewe lilikuwa nyuma. Polepole aligeuka. Hapakuwa na mtu. Viatu vipya vilikuwa vimepangwa kwa mstari ulionyooka, isipokuwa kimoja cha mguu wa kushoto, kilichokuwa kimesogea mbele ya vingine.

"...kwa hiyo usije ukasema sikukwambia," Burl alikuwa anamalizia. "Umenisikia, shemeji?"

"Nimesikia," akasema. "Nachukua hii."

"Na jaza matundu yote. Yote matano! Mambo ya wazee ya kuacha tundu tupu achana nayo. Hizi zina kizuizi ndani, hata ikikuangukia mguuni haifyatuki yenyewe."

"Nitajaza."

Hapo alidanganya. Laiti angesema, "Hapana, Burl, ninaacha moja ya kuulizia," hadithi hii isingekuwapo. Lakini kusema hivyo kungeleta swali la kuulizia nani, na jibu la swali hilo lingekuwa limefika kanisani kabla yake. Burl alimpa na kifuko cha ngozi cha kukalia bastola mfukoni, akamwonya asichanganye na funguo, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aligonga bodi la gari kwa kiganja mara mbili na kurudi ndani.

Jioni hiyo Delphia aliketi kwenye meza ya jikoni akatia risasi nne. Mikono yake haikuhitaji macho. Imefanya kazi ile tangu akiwa binti, baba yake akimsimamia nyuma ya bega: tupu kushoto, Delphia, kushoto kwa nyundo, usisahau. Hakusahau. Alilikalisha tundu tupu kushoto, akaifunga silinda taratibu, akaitia bastola kwenye mfuko wa aproni. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi alikula akashiba, maharage na mkate wa mahindi na kitunguu kibichi, na alilala akiwa na furaha aliyoionea haya.

Alfajiri hatua hazikuja.

Hazikuja siku iliyofuata, wala ile nyingine. Alibeba bastola kwenye koti mpaka mjini, akasimama katikati ya mashine za kufulia na mkono mfukoni, akasikia maji tu. Aliibeba kanisani chini ya kitabu cha nyimbo. Wanawake wenzake walimkumbatia pale mlangoni na hakuna aliyehisi kitu, na mmoja alisema, "Leo uso umerudi, Delphia, umeanza kupona," naye akaitikia kwa tabasamu huku kidole kikiwa juu ya chuma. Uso haukuwa umerudi. Alikuwa anaogopa kwamba amechelewa, kwamba Estill amechoka kungoja mlangoni pa mtu asiyeuliza, ameshika njia yake. Alijilaumu kwa kila siku aliyoipoteza akiona haya kwenda kununua kifaa.

Halafu ikaja alfajiri ya jalidi kubwa, umande umeganda kila mahali. Nyasi zilikuwa nyeupe, baraza nyeupe, hata waya wa uzio ulikuwa mweupe. Delphia alikuwa ametia vimkate kwenye oveni na anapangusa unga mikononi aliposikia ngazi ya kwanza.

Moja kamili.

Moja ya kuburuta.

Hakuna aliyeita langoni. Moyo ulimpanda mpaka masikioni na ikabidi aushushe kwa kupumua ili asikie. Ngazi ya pili. Ya tatu. Mbao za baraza zililia pale zinapolia siku zote, mbele ya mlango. Kikafuata kile kitu kizito, kikatuliwa chini, puu. Delphia alingoja kusikia kikiokotwa. Safari hii hakikuokotwa.

Alitoa bastola kwenye mfuko wa aproni. Haikunasa popote. Aliinyoosha kuelekea mlangoni, katikati, kifuani pa mtu mrefu, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya kila alfajiri ya ndoa yake. Nyuma ya mbao zile alisikia mtu akivuta pumzi, pumzi ya kifua kilichojaa vumbi, ya mtu anayejua atakachoulizwa na ameshaandaa jibu. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu.

Akauliza.

Jiko zima lilipasuka. Bastola iliruka mkononi ikamgonga kifundo cha mkono, moshi ukajaa mbele ya macho yake, na vyombo kwenye rafu vikaendelea kulia baada ya mlio kwisha. Hakuelewa. Alitazama bastola, akatazama mlango. Katikati ya mlango kulikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo mwanga wa asubuhi uliingia ukiwa mwembamba, ukaanguka kwenye aproni yake.

"Estill!" akapiga kelele.

Alimwita kwa jina. Aliita tena na tena, alifungua mlango huku akiita, alishuka ngazi na soksi miguuni akaita mpaka kilima kikamrudishia. Hakujali kama angekuja na kumchukua. Alitaka amchukue. Hakuja.

Alipogeuka kurudi ndipo alipoona. Juu ya jalidi la baraza kulikuwa na nyayo za viatu vya mgodini, zimepanda kutoka langoni, ule wa kushoto umeacha mfereji kila mahali. Zilifika mpaka mlangoni na kuishia hapo, vidole vikielekea ndani. Hapakuwa na nyayo za kurudi, wala tone la damu, wala mtu. Na mbele ya nyayo, kwenye kizingiti, ilikuwa imelala rivolva ya baba yake, mtutu umejaa udongo wa njano wa kilimani.

Alipiga magoti kwenye baridi akaiokota. Silinda ilikuwa ngumu kwa tope, akailazimisha ikafunguka. Risasi tano zilizoota kutu ya kijani. Tundu moja tupu, kushoto kwa nyundo. Estill hakugusa kitu. Alichokuwa akikileta, akikitua na kukiokota alfajiri zote zile, ni hicho. Alikuwa anamrudishia aweze kumuuliza.

Delphia alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kaburini. Alipomaliza, aliziweka bastola mbili mezani, akazitoa risasi, akavuta vifyatulio kimoja baada ya kingine macho yakiwa wazi. Ya baba yake ilizunguka kulia, ikalileta mbele tundu la kushoto. Ile ndogo ilizunguka kushoto, ikalipeleka tundu la kushoto mbali na nyundo, nyuma ya mengine. Alirudia mpaka kidole kikauma. Jikoni kulinuka vimkate vilivyoungua.

Siku ya tatu alirudi dukani akaiweka ile ndogo juu ya kioo, silinda ikiwa wazi, matundu matupu.

"Haikukufaa?" Burl akauliza. Kisha akaona kifundo kilichovimba, na uso. "Shemeji, imekuwaje? Wamekuja?"

"Inazunguka kushoto."

"Si nilikwambia? Nilisimama hapa hapa, nikazungusha kidole. Nikasema, ile ya mzee Hobart ilikuwa ya kulia, hii ni ya kushoto, kama una mazoea yake yaache." Alikuwa mtu wa bonde lile, ameshawahi kusimama nje ya mlango wa mzee Hobart akasikia tak, na rangi ilianza kumtoka usoni kidogo kidogo. "Uliacha tundu. Delphia, uliacha tundu la kuulizia. Nani alikuwa mlangoni?"

Delphia aliisukuma bastola kuelekea kwake.

"Nilikuuliza umenisikia, ukasema umesikia," Burl akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. "Ulikuwa unasikiliza nini?"

Delphia alitazama kule kwenye rafu za viatu. Vyote vilikuwa kwenye mstari.

"Sasa hakuna kitu," akasema. "Hata hapa hayupo."

Burl alifunga duka akamfuata mpaka nyumbani na kisanduku cha vifaa. Aliona tundu la mlangoni na kitu kilicholala juu ya friji, na safari hii hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba ana kipande cha mbao kinachofanana, anaweza kuliziba tundu dakika chache tu, upepo usiingie.

"Liache," Delphia akasema. "Labda atataka kusemea hapo."

Burl alikaa kidogo, akanywa kahawa bila kuionja, akaenda zake. Ni yeye aliyekuja kuyasimulia haya baadaye, Delphia alipokuwa amemweleza mengine, na huwa anayasimulia kwa sauti ndogo, akikatisha kila mara kutazama mlango.

Tundu liko vile vile mpaka leo. Rivolva ya mzee Hobart imesafishwa, imepakwa mafuta, ina risasi mpya tano na tundu moja tupu, kushoto kwa nyundo. Kila alfajiri Delphia hutia vimkate kwenye oveni, kisha husimama katikati ya jiko na kusikiliza baraza iliyo kimya. Hunyoosha mkono kuelekea mlangoni na kuvuta mara moja. Tak. Hungoja mpaka vimkate vianze kuungua, ndipo anapoweka chuma chini.